Jedwali la Makosa

Bibi Kandida alifariki hospitalini Jumanne alfajiri, na ilipofika saa tatu asubuhi ua wa mwanawe Herieli, kule Singe, ulikuwa umejaa watu wasio na kazi ya kufanya. Wanaume walisimama mikono mifukoni kwa baridi ya mwezi wa saba. Wanawake wa jumuiya walibanana kwenye mikeka miwili wakisali rozari. Hakuna turubai lililofungwa, wala moto wa maana uliowashwa. Turubai, sufuria, majembe na sururu vyote vilikuwa kwenye stoo ya Chama cha Kuzikana, na stoo ile haifunguliwi mpaka karani asome.

Karani alikuwa Herieli mwenyewe. Alikuwa chumbani, amefunga mlango, anagombana na kompyuta.

Alibonyeza jina la faili kwa mara ya kumi. Kioo kikamjibu kama kilivyomjibu mara tisa za kwanza: faili haliwezi kufunguliwa, linatumiwa na mtu mwingine.

"Mtu mwingine nani?" Herieli aliuliza kwa sauti. "Si niko peke yangu humu!"

Mkewe Coletha aliingia bila kubisha. Alikuwa hajalala tangu juzi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimuuguza mama mkwe, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kilio na kwa moshi.

"Baba Jacqueline, shangazi zako wameshafika kutoka Dongobesh. Wanaomba chai. Watu themanini niwachemshie kwenye sufuria yangu ya ugali?"

"Waambie wavumilie kidogo."

"Shangazi Clara ameniuliza jambo jingine. Ameniuliza, 'Hivi hapa mjini mnaishi na majirani kweli?'"

Aibu ilimpanda Herieli mpaka masikioni. Mama yake alikuwa mochwari, na yeye, mtoto wa kwanza, alikuwa akibembeleza mashine.

Mtu asimcheke. Kabla yake, chama kilikuwa na daftari, na karani wa zamani alikuwa na shemeji wengi. Majina yao yaliota humo usiku kama uyoga, wakazikiwa wafu wao bila wao kuzika wa mwenzao. Herieli, mstaafu wa ofisi ya takwimu za mifugo, ndiye aliyekomesha mchezo huo. Kila kaya inatakiwa kutoa mtu kwenye kila mazishi. Ukikosa mara tatu bila udhuru, jina lako linageuka jekundu, na siku ukifiwa chama hakiji. Yote hayo aliyaingiza kwenye kompyuta, jina kwa jina, kaburi kwa kaburi. Na kwenye katiba akaandika kwa mkono wake mwenyewe: jembe halitoki stoo kabla karani hajasoma jina la kaya iliyofiwa. Sentensi hiyo aliipenda sana.

Mwenyekiti, Mzee Elieza, alichungulia mlangoni akiwa ameshika kofia mkononi.

"Pole tena, Karani. Sasa tusome, vijana waanze kuchimba."

"Faili limegoma, Mwenyekiti. Lakini mimi si mnanijua? Kuna mazishi gani niliyokosa bila udhuru? Mmeniona kwa macho yenu."

"Tumekuona," Mzee Elieza alisema taratibu. "Na Sadallah naye walikuwepo waliosema wamemwona."

Herieli aliinamisha kichwa. Coletha alitazama ukutani.

Mwezi wa tano, Rahma, mke wa Sadallah muuza spea za baiskeli, alifariki asubuhi ya Alhamisi. Karani alifungua kompyuta akasoma: kaya ya Sadallah imekosa mara tatu. Sadallah aliapa kuwa makaburi yote matatu alikwenda, na mojawapo aliingia mwenyewe kuchimba. Katiba ilimpa siku saba za kukata rufaa. Lakini maiti wa Kiislamu hasubiri siku saba, na Rahma alizikwa siku ileile saa kumi jioni, stoo ikiwa na kufuli. Siku hiyo ndipo Herieli aliposema neno ambalo mtaa mzima uliliokota: "Kompyuta haina chuki na mtu."

"Nikifungua stoo leo bila kusoma, kwa kuwa aliyefiwa ni karani, nitawaambia nini watu?" Mzee Elieza aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Nakupa mpaka saa kumi na moja. Ikishindikana, itabidi mtafute majembe yenu."

*

Herieli alifunga boksi la kompyuta kwa shuka, akapanda bodaboda amelipakata mapajani. Karibu na soko, Mama Nickson anayeuza ndizi alimwona, akaja mbio.

"Jamani Karani, pole! Nimesikia habari za Bibi." Halafu akalitazama lile boksi, akashusha sauti. "Ndiyo unakwenda kuiuza? Msiba wenyewe umefika huko? Ungesema tu tukuchangie."

"Siiuzi, Mama Nickson. Inaumwa."

"Haya," alisema yule mama kwa huruma ya mtu asiyeamini. "Mungu atakusaidia upate bei nzuri."

Duka la Tariq lilikuwa nyuma ya stendi, chumba kimoja chenye nyaya kila kona. Tariq alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na saba, mpole, na alisifika kwamba hamwambii mtu kitu kimekufa kabla hajakijaribu.

"Shikamoo, Karani. Pole sana na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Nisaidie. Bila hii mama yangu hazikwi."

Tariq hakuuliza maana yake. Aliunganisha nyaya, akawasha, na jambo la kwanza alilofanya ni kulinakili faili kwenye mashine yake.

"Faili bovu haliguswi. Linaguswa nakala yake," alisema. "Ehe. Umeona ukubwa huu? Gigabaiti mbili kasoro chembe. Faili la aina hii likifika mbili ndiyo mwisho wake. Umeweka nini humu ndani, majina ya mtaa mmoja tu?"

"Na picha."

"Picha za nini?"

"Za makaburini. Kila mazishi napiga, halafu nambandikia kila mtu picha yake, iwe ushahidi."

Tariq alimtazama, akataka kucheka, akakumbuka msiba. "Umejaribu kulibana lipungue, na kulikarabati?"

"Tangu alfajiri. Mwanzoni lilikuwa linakubali kuanza, linafika katikati, linakata. Halafu umeme ukakatika. Uliporudi likaanza kuniambia kuna mtu mwingine amelifungua. Mtu gani, Tariq?"

"Hakuna mtu. Ona kifaili hiki kidogo, hiki ndicho kufuli. Umeme ulikatika faili likiwa wazi, kikabaki. Mashine inadhani bado uko ndani." Akakifuta. "Na kukata katikati ni kwa sababu ya nafasi. Likibanwa linaandikwa upya pembeni, ndipo la zamani linaachiwa. Diski yako imejaa, haina pa kuliandikia. Imejaa kwaya tupu."

"Hizo ni video za Jacqueline," Herieli alisema kwa unyonge, kana kwamba ni dhambi.

Tariq aliyarudia yote kwenye mashine yake, kwenye nakala. Mstari wa kijani ulianza kutambaa. Herieli aliushika ukingo wa meza. Mstari ulifika katikati, ukasimama. Kisha ukaendelea hadi mwisho. Faili likafunguka. Kaya mia mbili na kumi na mbili. Kaya ya Herieli: mazishi ishirini, kuhudhuria kumi na tisa, udhuru mmoja. Jina lilikuwa jeusi, safi. Machozi yalimtoka, ya kwanza tangu alfajiri.

Chini ya orodha kulikuwa na jedwali jipya, dogo, lenye mistari michache.

"Hilo lifute," Herieli alisema huku akijifuta uso. "Ni takataka. Hata mwezi wa tatu lilitokea nilipokarabati, nikalifuta."

Mkono wa Tariq ukasimama.

"Ulilifuta bila kulisoma?"

"Si takataka?"

"Karani, hili ni jedwali la makosa. Ukarabati ukishindwa kuokoa kitu, unakuandikia humu kimepotea nini na kilikuwa wapi. Hili la leo ni picha tatu tu, hazina neno. Hilo la mwezi wa tatu lilikuwa na mistari mingapi?"

Herieli alikumbuka vizuri. Siku ile pia umeme ulikatika katikati ya kazi. Jedwali lilijaa ukurasa mzima, na yeye aliona linaharibu unadhifu wa faili lake.

"Una nakala ya kabla ya hapo?" Tariq aliuliza.

Ilikuwepo. Flashi aliyoitumia kwenye mkutano mkuu wa mwezi wa pili ilikuwa imening'inia kwenye funguo zake, mfukoni, miezi yote hiyo. Tariq aliyaweka mafaili mawili ubavu kwa ubavu. Mahudhurio ishirini na sita yaliyokuwepo mwezi wa pili hayakuwepo tena. Mahali pake palikuwa patupu, na kwa hesabu aliyoiweka Herieli mwenyewe, patupu ni kukosa.

Wengi walikuwa wamepoteza moja, au mbili. Mmoja tu alikuwa amepoteza tatu.

"Sadallah," Tariq alisoma. "Novemba, Sigino, yupo. Desemba, Bonga, yupo. Januari, Singe, yupo. Picha zipo zote."

Akafungua ile ya Bonga. Sadallah alikuwa ndani ya kaburi, udongo unamfika kifuani, sururu juu. Aliyeipiga picha hiyo ni Herieli. Na ukweli ni kwamba mwezi wa tano, Sadallah alipokuwa akiapa, Herieli aliikumbuka siku ile ya Bonga. Aliikumbuka kidogo, kama mtu anavyokumbuka ndoto, kisha akatazama kioo na kuiambia akili yake inyamaze. Coletha alimwambia aangalie kwenye flashi. Alimjibu kuwa wataangalia kwenye rufaa. Rufaa haikuja, kwa sababu mtu akishamzika mkewe anakata rufaa ya nini?

"Mimi nilikuwepo siku ya Rahma," Tariq alisema bila kumtazama. "Watu wa msikiti tulikwenda, kuchimba tukachimba. Ila jirani wa mtaani kwake hakutokea hata mmoja. Mzee Sadallah alikuwa anatuomba radhi sisi, anatwambia, 'Majirani zangu wamepata dharura.' Alirudia hivyo kwa kila aliyekuja."

Herieli alitoa pochi mfukoni. Tariq alitikisa kichwa. Aliiwasha printa yake iliyokaribia kuishiwa wino, akachapa picha ya Bonga kwenye karatasi ya kawaida, akaikunja mara moja na kumkabidhi.

"Sitaki hela, Karani. Peleka hii."

*

Saa kumi na nusu kamati ilikaa sebuleni: Mzee Elieza na wajumbe wawili. Dirisha lilikuwa wazi, na nje watu walinyamaza ili wasikie. Herieli alisoma jina la kaya yake, namba zake, na neno la mwisho: safi. Uani mtu alisema, "Mungu mkubwa." Mzee Elieza alisimama, akatoa ufunguo wa stoo.

"Mwenyekiti, kuna jambo," Herieli alisema. Alifunga dirisha. Kisha akawaeleza, kwa maneno machache: mwezi wa tatu, umeme, jedwali, flashi. "Sadallah hakukosa. Alikuwepo mara zote tatu."

Wajumbe wawili walitazamana. Mzee Elieza alikaa tena, polepole.

"Hilo ulilosoma sasa hivi, ni faili hilohilo lililosomwa mwezi wa tano?"

"Ndilo. Limekarabatiwa tu."

"Basi nisikilize, Karani. Ukisema faili lilikosea kwa Sadallah, mimi nitawaambiaje watu kuwa kwako halikukosea? Watasema umelichezea huko mjini. Wamekuona umelibeba. Kuna kaya mia mbili hapa mtaani, kila moja itaanza kudai yake, na stoo hii haitafunguka wiki nzima." Aliuweka ufunguo mezani, katikati yao. "Siku ile sote tulikaa nyumbani. Mimi pia. Unadhani nalipenda jambo hili? Lakini kaburi halisubiri. La Sadallah lipelekwe kwenye kikao cha mwezi wa nane, tulizungumze kwa utulivu. Au useme leo, na mama yako mzike wenyewe. Chagua."

Kutoka uani kikohozi cha Shangazi Clara kilisikika, kikavu. Herieli aliutazama ufunguo. Sheria hizi alizijenga mwenyewe kama nyumba, tofali kwa tofali, na sasa aliona kuwa hakuweka mlango wa kutokea.

"Basi lisubiri," alisema.

Ndani ya robo saa ua ulibadilika. Turubai lilipanda, sufuria zikaja juu ya vichwa, vijana sita wakashika majembe na sururu wakaelekea shambani nyuma ya nyumba. Shangazi Clara alimkamata Herieli mkono, uso umenawiri. "Kumbe majirani mnao! Kandida atazikwa kama mtu." Herieli alisikia raha, na aliichukia raha ile kwa moyo wake wote.

Coletha alimkuta chumbani amekaa kitandani, karatasi mkononi. Aliichukua, akaikunjua, akaitazama kwa muda mrefu.

"Umejua lini?"

"Leo. Saa nane."

"Na kamati?"

"Wamejua. Wamesema mwezi wa nane."

"Na wewe ukasemaje?"

"Mama angezikwa na nani, Coletha? Ningemzika na nani?"

Coletha alikaa kando yake. Nyuma ya nyumba majembe yalikuwa yakigonga.

"Siku ile walipita hapo barabarani wamembeba Rahma," alisema. "Nilikuwa jikoni. Nilizima redio ili wasijue kuna mtu ndani. Rahma ndiye aliyenikandia tumbo nilipojifungua Jacqueline. Sikutoka, kwa sababu wewe ulikuwa umesoma." Akamrudishia karatasi. "Sikulaumu kwa kikao, mimi pia namtaka Mama azikwe na watu. Lakini kwenda kumwambia mtu mmoja hakuhitaji kikao. Mwambie kabla Mama hajaingia kaburini. Baada ya hapo utaona aibu, halafu utaizoea."

*

Sadallah aliishi nyumba ya nne kutoka pale. Herieli alimkuta barazani, jua likiwa linakaribia kuzama, amekaa kwenye kigoda akitawadha kwa birika la plastiki. Hakuonyesha kushangaa. Alimaliza miguu yote miwili kwanza.

"Pole na msiba, Baba Jacqueline. Nimesikia tangu asubuhi."

"Nimeshapoa, ahsante." Herieli hakukaribishwa kukaa, naye hakukaa. Alikuwa amepanga maneno njia nzima. Nyumba nne zilimtosha kuyasahau. "Nimekuja kukwambia kuwa ulikuwepo."

Sadallah aliweka birika chini.

"Sigino, Bonga, na hapa. Ulikuwepo mara zote tatu. Kompyuta ilipoteza, mimi sikuangalia. Nilikuwa na nakala mfukoni siku ile, sikuangalia." Akamnyooshea karatasi. "Nimekukosea wewe na marehemu. Kikao kitakaa mwezi wa nane, lakini nimeona nikwambie mwenyewe."

Sadallah alikausha mikono kwenye shuka lake, akaipokea. Aliisogeza kwenye mwanga uliobaki. Wino ulikuwa hafifu, lakini alionekana: kifua, sururu, udongo.

"Nilikuwa nimeanza kuamini," alisema. "Unajua? Mkwe wangu aliniuliza siku ya tatu, 'Hivi kweli ulikuwa unakwenda?' Nikamwapia. Lakini usiku nikilala najiuliza, labda Bonga sikwenda, labda nachanganya na mwaka juzi. Mtu wa takwimu amesema, kompyuta imesema. Mimi ni nani? Nikaona basi, ni mimi nimemponza Rahma. Miezi miwili nimekaa na hilo."

Herieli aliegemea nguzo ya baraza.

Sadallah alikuwa bado anaitazama picha. Kidole chake kilihama kutoka kwenye kaburi, kikaenda pembeni kabisa ya karatasi, mahali ambapo Herieli, Tariq na Coletha hawakupatazama. Palikuwa na mwanamke ameinama, anatua ndoo ya maji ya wachimbaji. Uso ulikuwa umegeukia upande, nusu tu.

"Huyu ni yeye," alisema. "Alikuja kutuletea maji. Nilikuwa nimesahau kuwa alikuja." Akainua macho. "Hii naichukua."

"Ni yako. Zipo na nyingine, nitakuletea zote."

Kutoka upande wa mjini adhana ya magharibi ilianza. Sadallah alisimama, akaikunja picha palepale ilipokunjwa awali, akaiingiza mfuko wa shati. Kule kwa Herieli sauti za majembe zilikuwa zimekoma. Vijana walikuwa wanacheka kitu, kaburi limekwisha, na harufu ya maharage ya chama ilikuwa imefika mpaka pale barazani.

"Mnazika saa ngapi?"

"Kesho saa nane mchana," Herieli alisema, na tumaini likampanda kifuani haraka kiasi cha kumtia haya.

"Bibi Kandida alikuwa mtu mwema. Hakunikosea kitu." Sadallah aliokota birika lake. "Lakini mimi sitakuja. Nitakuwa nimekaa hapahapa, mzima, sina dharura yoyote. Uniandike vizuri, Karani. Andika sikuwepo."

Akaingia ndani kuswali, akaurudisha mlango polepole. Herieli alibaki barazani mpaka adhana ikaisha, kisha akarudi nyumbani, ambako watu walikuwa wamejaa.